Gamba la Mukaba

Gunia likiloana, kisha likaachwa karibu na makaa, hutoa harufu ambayo sijui nimweleze vipi mtu aliyekulia kwenye nyumba ya jiko la umeme. Ni harufu ya nyasi na vumbi, na ndani yake kuna kitu kidogo cha mnyama. Mwezi uliopita mvua iliingia kwa mlango wa nyuma, nikatandika gunia kuukuu ili wanangu wapanguse miguu, na jioni mmoja wao akalisogeza kando ya mbabula, lile jiko letu la makaa, likauke. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikasimama yenyewe. Watoto wakaniuliza kama naumwa, nikawaambia siumwi, nimemkumbuka Kambo. Kambo ndiyo bibi kwa lugha ya mji wetu, na huyu wangu alikuwa mama mzazi wa Papa. Hayupo tena, na harufu ile ilimleta akiwa amekaa juani, miguu ameinyoosha, ameshika nyoka kwa mikono miwili.

Najua wengine mmeshasogeza kiti nyuma. Hata mimi leo nikimwona nyoka njiani nazunguka mbali, tena kwa mbio. Lakini huyu alikuwa wa kwetu, alikuwa na jina, na kuna msimu mmoja wa kiangazi ambapo nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda paka au mbwa yeyote.

Aliingia nyumbani ndani ya gunia la makaa. Mama alikuwa akiuza makaa mbele ya lupango letu, yaani ule ua wenye nyumba zetu mbili, kubwa ya Papa na Mama, na ndogo ya Kambo ambamo mimi nililala. Wenye baiskeli walikuwa wakitoka porini kupitia upande wa Kamatanda, wanasukuma magunia marefu kuliko wao, mdomo wa gunia umezibwa kwa nyasi na kushonwa kwa kamba. Siku hiyo Mama alikata kamba apange marundo ya kuuza, nyasi zikatikisika, akatoka nyoka wa kahawia, mwembamba, urefu wake kama mkono wangu. Mama hakupiga kelele. Aliruka mbabula yenye sufuria ya maharagwe, akaniruka na mimi, akaenda mpaka kwa jirani yetu Mama Georgette, na huko ndipo alipopiga kelele.

Papa alitoka na sepetu. Alikuwa amerudi kutoka kiwandani, bado amevaa buti. Kambo alikuwa ameketi mlangoni kwake na wala hakuinuka.

"Kichwa yake iko namna gani?" akauliza.

"Kadogo, Mama. Iko na mustari pembeni ya jicho."

"Iache. Ile haina sumu. Ni ya mu mahindi."

"Mama, ni nyoka."

"Nimesikia. Na panya zile zinakula mahindi yangu kila siku, zile unaziitaka nani?"

Papa akashusha sepetu. Kijijini kwa Kambo, nyoka wa aina ile akionekana ghalani hakuuawa. Walimwachia maji kwenye kigae, wakafunga mlango, wakamwacha afanye kazi yake. Kambo alikuwa ameyaacha mengi ya kijijini alipohamia mjini, ila hilo hakuliacha. Akaniagiza kisanduku cha mbao kilichokuwa kimebeba sabuni, tukatandika gunia ndani, tukaweka maji kwenye mkebe wa majarini, na mfuniko ukakandamizwa kwa jiwe. Jioni jiwe liliondolewa ili aende kuwinda kwenye mahindi, asubuhi alikuwa amerudi mwenyewe chini ya gunia, tumbo limevimba. Mama aliporudi kutoka kwa jirani alisema maneno yaliyokumbukwa nyumbani kwa miaka.

"Mu hii lupango nyoka hailalake. Ao yeye, ao minye."

"Bon, tutaona," Kambo akajibu. "Yeye anakulaka panya. Weye unakulaka bunga yangu."

Mama alikaa na hasira wiki nzima. Kisha akagundua kuwa unga hauna tena vinyesi vya panya, na nguo zake za kanisani hazitafunwi pindo, akanyamaza. Alitoa sharti moja tu, kwamba habari isitoke nje. Mjini kwetu mtu akifuga nyoka, watu hawaulizi kuhusu panya. Wanasema ana nyoka wa mali, anamlisha chumbani ili amtapikie utajiri. Nilikuwa nalifikiria sana jambo hilo, maana sisi tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, Jumatatu, sombe Jumanne, na siku ya sikukuu sombe yenye samaki. Kama Mukaba alikuwa nyoka wa mali, basi alikuwa mvivu kupindukia.

Mukaba lilikuwa jina alilopewa na Kambo. Hakutaka neno nyoka litamkwe ndani ya nyumba, alisema ukimtaja anaitika na ndugu zake wote, kwa hiyo akamwita Mukaba, mkanda wa suruali. Mama Georgette akija kununua makaa na kusikia Kambo akiniuliza kama Mukaba amekunywa maji, alidhani kizee kimeanza kuchanganyikiwa. Tulimwacha adhani hivyo.

Sasa niseme habari ya macho ya Kambo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitusumbua nyumbani.

Yalikuwa yanageuka meupe. Yalianza kidogo kidogo kabla ya mimi kuanza shule, kama maziwa kidogo yaliyotiwa ndani ya chai, na kila mwaka maziwa yakaongezeka. Alitambua mchana na usiku, alitambua mlango na ukuta, basi. Maharagwe aliyachambua kwa vidole. Watu aliwajua kwa sauti na kwa namna wanavyovuta miguu. Siku moja aliweka kiganja juu ya mbabula akidhani haina moto, akaungua vibaya, na tangu hapo Papa hakumwachia nafasi. Kuna daktari Lubumbashi, alisema, anaondoa mtoto wa jicho, watu wanaingia wameshikwa mkono na kutoka peke yao.

"Ni kakitu kadogo, Mama. Banatoa, unaona."

"Jicho haiguswake na chuma."

"Haitauma. Banatia dawa."

"Yaya yangu pia balimuambia haitauma."

Hapo mazungumzo yalikuwa yanaishia. Dada yake mkubwa, zamani, aliwekewa kitu jichoni na mganga mpita njia, jicho likaoza. Kambo ndiye aliyekuwa akimfuta. Papa alikuwa anatoka nje, anasimama kwenye lango na mikono nyuma, na mimi nilimwona mara moja anajifuta uso kwa mkono wa shati. Alimwogopea mama yake. Mama naye alisema kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine hautakuwa mkono, atadondokea moto mzima.

Mimi peke yangu sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa najua jambo ambalo wakubwa hawakulijua.

Nililijua msimu wa mvua, Mukaba alipojivua gamba kwa mara ya kwanza nikiwa naye. Kwanza macho yake yaligeuka. Yalikuwa meusi na ya kung'aa, yakawa meupe yenye ubuluu, hasa kama ya Kambo. Ngozi ikafifia, ikawa kavu, akajificha na kukataa kula. Nililia, nikadhani anakufa. Kambo akaniambia ningoje. Basi asubuhi moja nikamkuta anajisugua mdomo kwenye ukingo wa kisanduku, ngozi ikafunguka puani, akaanza kutoka ndani ya mwili wake wa zamani, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Alipomaliza alikuwa mpya. Anang'aa. Macho yake meusi yakanitazama. Lile gamba lilibaki kwenye gunia, zima mpaka vifuniko viwili vidogo vya macho, angavu, ungeweza kuona kidole chako kupitia humo.

Mtoto akishika jambo, limeshikwa. Nilimtazama Kambo aliyekuwa anaota jua mlangoni, macho meupe, miguu imekauka na kupauka kwa vumbi, nikaelewa yote kwa mara moja. Kambo naye alikuwa karibu kujivua.

Sikumwambia mtu, maana niliona ni siri ya wazee, mambo ambayo watoto hawaulizi. Ila nilijiandaa. Kila jioni nilikuwa na kazi ya kumpaka Kambo mafuta miguuni, nikaanza kumpaka kiduchu mno, nisije nikailainisha ngozi ikakataa kutoka. Nilimkagua puani kama pameanza kufunguka. Nilijiuliza atakapotoka atakuwa na umri gani, kama wa Mama au kama wangu. Nilitaka awe kama wangu. Nilikuwa nimeshampangia kitanda, apande upande wa ukutani, na nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, Papa atamwitaje mama yake akiwa mdogo kuliko yeye.

Kikafika kiangazi. Wa Likasi mnakijua kile cha kwetu, kile cha mwezi wa sita na wa saba, asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi, midomo inapasuka, na vumbi jekundu la malori linalala juu ya kila kitu hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Kambo alihisi baridi kuliko sisi sote, na alidhani kila kiumbe kinahisi kama yeye.

"Mukaba anasikia baridi," akaniambia. "Sogeza kisanduku kwa moto."

Basi kila jioni nilisogeza kisanduku kando ya mbabula chumbani mwa Kambo, mlango umeachwa wazi kidogo moshi utoke. Nilikuwa makini, nilipima joto kwa kiganja, lisimchome. Gunia la ndani lilikuwa kavu, lina joto zuri, na nilijisifu.

Macho ya Mukaba yakageuka meupe tena. Nilifurahi, nikangoja. Lakini safari hii mambo hayakwenda. Ngozi ilifunguka puani ikakatika, ikatoka vipande vipande, huku kimetoka, huku kimebaki. Pete za ngozi kavu zilimzunguka mwili na kumbana. Kwenye ncha ya mkia palibaki kofia ngumu. Na macho hayakurudi kuwa meusi. Yalibaki yamefunikwa, meupe, yenye mikunjo, na Mukaba akawa anajigonga kwenye mbao za kisanduku kama mlevi. Panya walianza kurudi kwenye mahindi naye hakuwaona.

Mama akamwona. Alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Ile macho si muzuri," akamwambia Papa. "Iko mugonjwa. Haitabakia hapa na batoto. Siku ya Mungu ukitoka misa, uitupe mbali, ao uiue."

Papa akatikisa kichwa kukubali. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuogopa kwa ajili ya Mukaba peke yake. Yeye alikuwa nyoka, kujivua ndiyo kazi yake tangu azaliwe, na alikuwa ameshindwa. Kambo ambaye hakuwahi kujivua hata mara moja angewezaje?

Nilikwenda kwenye kisanduku, nikashika pete moja ya ngozi kwa kucha, nikavuta. Mukaba akajikunja kwa nguvu, akatoa sauti ya pumzi ambayo sijaisahau, na pale nilipovuta magamba yakabaki mabichi, mekundu. Nikamfunika. Nikakimbia kwa Kambo, nikajitupa mapajani mwake, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

"Mukaba anashindwa kutoka," nilisema. "Na weye utashindwa."

"Minye? Minye natoka wapi?"

"Mu ngozi."

Akaniinua kichwa. Nikamweleza yote, macho, miguu iliyopauka, mafuta niliyomnyima, kitanda, na jina ambalo Papa angemwita. Nilipofika kwenye kitanda alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akajipiga paja, akaita jina la marehemu mumewe aje asikie, kwamba huyu mke mwenzake anataka kumfufulia mke kijana. Mabibi wa kwetu huwatania wajukuu hivyo, wanawaita wake wenza. Lakini mimi niliendelea kulia, na taratibu kicheko chake kikaisha. Akanipangusa kwa kitenge chake.

"Ile kisanduku unawekaka fasi gani mangaribi?"

"Kwa moto. Ni weye ulisema baridi."

Akajishika kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kosa lake mwenyewe, "Basi ni minye nilimukausha. Nimemukausha sawa samaki ya ku soko." Akanyoosha mkono. "Leta maji. Ya moto kidogo tu, sawa ile ya kuosha mutoto muchanga. Na ile gunia, loweka yote."

Ilikuwa Jumamosi, jua limepanda, Mama yuko kwa makaa yake mbele. Tulikaa nyuma ya nyumba. Tulimweka Mukaba kwenye beseni lenye maji ya kina cha kidole, tukafunika kwa ungo, tukangoja. Nilitaka tuanze. Kambo akasema tungoje. Nikauliza tena, akasema kama nina haraka niende nikafue sare yangu ya shule, na nikafua kweli, nikaianika, nikarudi, bado tukangoja. Mpaka leo nikiona mtu anavuta kitu kwa nguvu, fundo la kamba au mtoto anayegoma, namwona Kambo ameweka kiganja juu ya ungo ule.

Kisha akachukua gunia bichi, akalikunja mikononi, akaacha Mukaba apite ndani ya mikunjo. Hakumvuta. Alilegeza mkono, akakaza kidogo, akalegeza, na nyoka akajisukuma mwenyewe mbele, na kila alipopita gunia lilibaki na kipande cha ngozi. Pete zikatoka moja moja. Kofia ya mkia ikateleza ikadondoka mapajani mwake. Nami nilikuwa nimeinama pale nikimweleza, kwa kuwa yeye hakuona.

"Kale ka shingo kametoka. Kamebakia ka tumbo. Bon, kametoka pia."

"Na macho?"

"Macho bado, Kambo. Iko nyeupe. Kangozi kamekunjika pembeni."

Mikono yake ikasimama. Nikamsubiri. Gunia lilikuwa linatoa mvuke juani, na hapo ndipo ile harufu iliponiingia.

"Jicho haiguswake," akasema polepole.

"Basi atabakia vile," nikasema. "Na Papa atamuua kesho."

Nilisema kwa uchungu wa mtoto, sikuwa nimekusudia kumbana mtu. Mukaba alikuwa amejizungusha kwenye kifundo cha mkono wa Kambo, kichwa kimetulia juu ya kidole gumba. Kambo akaniambia nimchovye kidole chake cha shahada kwenye maji ya vuguvugu. Nikamchovya. Akaniambia nimpeleke kidole mpaka mahali penyewe. Nikakishika kile kidole chake, chenye ngozi nyembamba na ukucha mgumu, nikakiweka juu ya jicho la nyoka. Akakiacha hapo bila kukisogeza. Akakilowesha tena, akakirudisha, mara nyingi, mpaka nikachoka kushika. Halafu, kutoka upande wa pua kwenda nyuma, akapitisha kidole kwa wepesi wa kufuta machozi ya mtu aliyelala. Kile kifuniko kikatoka.

"Imetoka, Kambo."

"Ameumia?"

"Hapana. Ananiangalia."

"Angalia muzuri. Ameumia?"

"Hapana, Kambo. Ametoa tu ulimi."

La pili lilikataa. Nilimwomba alikwangue kidogo tu, akanikatalia, akasema lenyewe litasema lini. Akamlaza Mukaba ndani ya gunia bichi, mbali na moto. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kengele ya misa, tulirudia yote, na lile la pili likatoka kwa mguso mmoja. Kambo alikibana kifuniko kile kwenye ncha ya kidole, akakisugua taratibu kwa gumba. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama.

"Kakitu sawa haka?" akasema. "Haka njo kalimufungia dunia yote?"

Aliendelea kukisugua hata baada ya mimi kuanza kuvaa viatu vya kanisani. Papa aliporudi kutoka misani, ameshika gunia kavu la kumbebea nyoka aliyehukumiwa, alimkuta Mukaba anang'aa ndani ya kisanduku, macho meusi, ameinua kichwa. Kambo hakuzungumzia nyoka. Alimwita Papa kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hata Mama hakulitumia.

"Ule munganga ya macho," akasema. "Angali kule Lubumbashi?"

Papa alikaa chini, hapohapo juu ya lile gunia kavu. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kuwa mama yake haoni, akasema, "Angali, Mama. Angali."

Waliondoka kwa taksi-basi wiki iliyofuata, Kambo amevaa kitenge chake cha sikukuu, ameshika mkono wa Papa. Mimi niliachiwa Mukaba na kazi ya kulilowesha gunia lake. Nilimuuliza Mama kama watarudi na ngozi, akaniuliza ngozi gani, nikasema basi. Nilifagia chumba. Niliondoa nguo zangu upande wa ukutani wa kitanda. Niliazima kwa Mama Georgette gauni la binti yake, nikalikunja juu ya mto, kwa ajili ya Kambo mpya.

Walirudi baada ya wiki mbili, mchana. Nilisikia mlango wa taksi-basi ukibamizwa, nikakimbia, nikasimama langoni. Papa alishuka kwanza. Halafu ikashuka miguu ileile iliyopauka, ndani ya kandambili zilezile, kitenge kilekile, mgongo uleule. Alikuwa na mikunjo yake yote. Hakuna hata mmoja uliotoka. Jicho moja, lililotibiwa mwisho, bado lilikuwa na bendeji, na lile la kwanza lilikuwa wazi, jeusi, lina maji. Nilisimama pale na moyo umeanguka, nikifikiri tulivuta kabla ya wakati, nikifikiri Lubumbashi hawana gunia. Hata sikuona kwamba alikuwa ametembea kutoka barabarani peke yake, Papa nyuma yake mikono mitupu.

Kambo alisimama mbele yangu. Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani, kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa wenyewe uliyemkuta langoni.

"Jambo, mama," akasema. "Weye mutoto ya nani?"

Nikaangua kilio. Papa akasema, "Mama, ni yeye. Mujukulu yako."

"Hapana," Kambo akasema. "Yangu eko kadogo. Kanafika hapa." Akaonyesha kwenye paja lake, mahali nilipokuwa nikifika siku maziwa yalipoanza kuingia machoni mwake.

Hapo nikaelewa kwamba miaka yote ile, nilipomletea maji, nilipolala mgongoni kwake, alikuwa anaishi na mtoto mdogo ambaye mimi sikumkumbuka tena. Nilitaka kusema kitu anitambue kwa sauti, lakini kwikwi ilinibana. Basi Kambo akafumba jicho lake jipya. Akanyoosha mkono, akaniwekea vidole usoni, akavipitisha kwenye paji, kwenye nyusi, kwenye pua, polepole, hadi kwenye kidevu kilicholowa machozi. "Eeh," akakubali. "Njo yeye."

Kisha akalifumbua. Nikanyamaza, nikajifuta kamasi kwa mkono, nikasimama wima bila kutikisika, ili anione vizuri.